Kome wa Sainte-Catherine na mhudumu aliyesema kweli

Mimi ni mhudumu wa mezani. Miaka 14 nimebeba sahani kwenye hoteli za ufuoni, kwanza Nyali, baadaye Diani. Kwa hiyo nikikaa kuhudumiwa, macho yangu hayatulii. Naangalia glasi imeshikwa wapi, nani anaikumbuka meza ya pembeni, na kama chakula cha watu watatu kimetoka jikoni pamoja au kimoja kimetangulia kikapoa. Oktoba nilikwenda Brussels kumwona dada yangu. Yeye na mumewe wanakaa Ixelles, karibu na Matongé, mtaa wa Wakongomani ambako ukipita sokoni unaweza kusikia Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi. Jumamosi yangu ya mwisho dada akasema, "Leo hupiki na mimi sipiki." Akatupeleka kwenye mkahawa mmoja wa zamani wa aina ya braseri pembeni mwa Place Sainte-Catherine, mjini katikati.

Eneo hilo zamani lilikuwa bandari. Mfereji uliingia hadi pale na meli zikafunga gati, ndipo maji yakafukiwa. Majina yamebaki: upande huu Quai aux Briques, gati la matofali, upande wa pili Quai au Bois à Brûler, gati la kuni. Soko la samaki nalo lilikuwa hapo, na mpaka leo mtu wa Brussels akitaka chakula cha bahari huenda huko. Neno brasserie lenyewe maana yake ni kiwanda cha bia. Braseri nyingi maarufu za Paris zilianzishwa na watu wa Alsace, jimbo la mashariki mwa Ufaransa, na walizidi kuhamia huko baada ya vita vya 1870 na 1871, Alsace ilipochukuliwa na Wajerumani. Walikuja na bia zao na vyakula vya kushibisha. Ubelgiji, nchi ya bia tangu zamani, haikuhitaji kufundishwa bia, ila mtindo wa ukumbi ni ule ule: vioo virefu ukutani, taa za mviringo, viti virefu vya ngozi vilivyogusana migongo, reli za shaba zinazong'arishwa kila siku, na vitambaa vyeupe mezani.

Nianze na lililoniudhi. Tuliweka nafasi ya saa moja na nusu jioni. Tukafika saa moja na dakika 25. Tukasimamishwa mlangoni mpaka karibu saa mbili, na mlango ule kila ukifunguliwa upepo wa Oktoba unaingia hadi mifupani. Mkuu wa ukumbi alipita mbele yetu mara tatu bila neno. Sidai kiti. Meza ikichelewa huwa imechelewa, wageni wa kabla yako wana haki ya kumaliza kahawa yao. Lakini mgeni aliyesimama mlangoni anahitaji kuambiwa, "Nimewaona, bado dakika kumi." Sentensi hiyo haigharimu kitu. Dada alitaka tuondoke, na nusura tuondoke kweli.

Tulipokalishwa, shemeji yangu hakufungua menyu. Alikuwa anapapasa mbao za ukutani, nyekundu iliyoiva, zimekunjwa kama mashina ya maua kwa ule mtindo uliotamba Brussels tangu mbunifu wa majengo Victor Horta alipojenga nyumba iitwayo Hôtel Tassel mwaka 1893. Yeye ni mzaliwa wa Bukavu. Hakusema kitu kwa muda, halafu akasema tu kwamba miaka ile mbao nzuri za mji huu zilikuwa zinatoka kwao, pamoja na pembe na mpira. Mbao za ukumbi ule zilitoka wapi hatukujua, wala hatukumuuliza mtu. Lakini miaka ile Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili, na watu walikufa ili vitu hivyo vifike hapa. Dada akamshika mkono, tukasoma menyu.

Hapo ndipo alipokuja mhudumu wetu. Mtu mzima, nywele zimejaa mvi, kizibao cheusi, aproni nyeupe imefungwa kiunoni hadi chini ya magoti. Kwanza aliomba radhi kwa ajili ya mlangoni, ingawa kosa halikuwa lake. Kisha dada akamweleza kwa Kifaransa kwamba mimi na yeye ni Waislamu, hatutumii pombe wala nguruwe, akauliza tunaweza kula nini.

Ninalijua swali hilo kutoka upande wa pili. Nimeulizwa mamia ya mara, na najua jibu linalotoka mdomoni ukumbi ukiwa umejaa: hakuna shida. Yule mzee hakusema hakuna shida. Alitoa kalamu, akaandika, akasema anakwenda kumwuliza mpishi, asubiriwe. Alirudi baada ya dakika chache na habari kamili. Kome wa divai nyeupe tusiwaguse, lakini wapo wanaoitwa nature, wanapikwa na vitunguu, seleri na siagi bila divai, na mpishi atatumia sufuria safi. Carbonnade ni nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwenye bia, basi hiyo ni ya shemeji. Kroketi za kamba, madonge ya kukaanga, ndani zimegandishwa kwa jelatini, na hawezi kutuhakikishia ni ya mnyama gani. Halafu akaongeza jambo ambalo hatukuwa tumeuliza: chipsi zao zinakaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, kama ilivyo desturi ya Ubelgiji, na ng'ombe huyo hakuchinjwa kwa namna yetu. Atatuletea viazi vya kuchemsha na siagi. Alisema hivyo kwa masikitiko, kwa sababu kumnyima mtu chipsi Brussels ni kama kumnyima mtu ukwaju wa mishkaki Mombasa.

Miaka ya nyuma, kwenye hoteli niliyokuwa nikifanya kazi, mama mmoja aliuliza kama mchuzi una karanga. Jikoni kazi ilikuwa imepamba moto, mwenzangu akamjibu pale pale kwamba hauna. Ulikuwa nazo. Mimi ndiye niliyeshika sahani yake alipoanza kuvimba midomo. Alipelekwa hospitali, akapona, namshukuru Mungu, ila sauti yake akivuta pumzi sijaisahau. Ndiyo maana nilipomwona mzee yule anatembea hadi jikoni na kurudi, ukumbi umejaa, meza zake si chini ya nane, koo lilinikaba. Dada alidhani chakula kimenitia huzuni.

Nilianza na tomate-crevettes: nyanya mbichi iliyokatwa kofia, ikatolewa mbegu, ikajazwa kamba wadogo wa kijivu wa Bahari ya Kaskazini waliochanganywa na mayonezi. Kamba hawa wakishamenywa ni wadogo, karibu ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Wavuvi huwachemsha mle mle chomboni mara tu wanapovuliwa, kwa maji ya bahari, ndiyo sababu wana chumvi ya ndani na utamu kidogo. Kuwamenya ni kazi ya mkono, na wengi husafirishwa hadi Morocco kumenywa na wanawake wa huko, kisha hurudishwa kuliwa hapa. Nilifikiria vidole hivyo kila nilipochota kijiko. Shemeji alikula kroketi zake mbili kimya kimya, akasema ukiuma, ndani ni uji wa moto wenye bahari yote.

Sasa kome. Kwetu Pwani kome na chaza ni kazi ya kina mama wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, na mara nyingi huishia kwenye mchuzi wa nazi au kwenye jua kukaushwa. Sisi wa madhehebu ya Shafii hatuna tatizo nao. Nilikuwa nawaona chakula cha nyumbani, si cha kuvalia shati la kupigwa pasi. Pale walikuja ndani ya sufuria nyeusi ya enameli, kilo nzima pamoja na makombe yao, na sufuria hiyo ni yako peke yako. Mzee akaifunua mbele yangu, mvuke ukapanda na harufu ya seleri, akageuza kifuniko kikawa chombo cha kutupia makombe matupu. Nikatafuta uma. Shemeji akanizuia: "Hapana, shemeki, hapa banakulaka na mikono." Unachagua kombe moja, unamla kome wake, kisha kombe hilo tupu linakuwa koleo lako la kuwanyofolea wengine. Mtoto anajifunza kwa dakika moja.

Wanatoka Zeeland, Uholanzi, ng'ambo ya mpaka, ambako mnada wao mkubwa uko mji wa Yerseke. Msimu huanza Julai na kwenda hadi Aprili hivi, kwa hiyo Oktoba walikuwa wamenona, wa rangi ya chungwa, laini bila kulegea. Siri niliyoiona ni kutofanya mengi. Vitunguu, seleri, siagi, pilipili manga, moto mkali, basi. Maji yao wenyewe ndiyo mchuzi, na yale yaliyobaki chini ya sufuria niliyanywa kwa kijiko na mkate mpaka yakaisha. Watatu hawakufunguka, nikawaweka kando, na mzee akawaondoa bila kuulizwa. Kama kuna mpishi wa hoteli za Pwani anayesoma, namwomba: wape kome wetu sufuria yao wenyewe, wafungulie mezani, usiwafiche kwenye wali.

Dada aliagiza sole meunière, samaki bapa wa jamaa ya gayogayo wetu, aliyepakwa unga akakaangwa kwa siagi mpaka ikawa na harufu ya njugu, na limau juu. Aliletwa mzima. Mzee akasogeza kimeza cha pembeni, akashika vijiko viwili mkono wa kulia na uma wa kushoto. Akapitisha katikati ya mgongo, akatenga minofu miwili ya juu, akainua uti wote kwa pamoja kama mtu anayetoa shanga kwenye uzi, akarudisha samaki kama alivyokuwa. Hakuna mfupa hata mmoja uliobaki. Nilihesabu sekunde kwa mazoea ya kazi, haikufika dakika moja na nusu. Ladha ya samaki dada atawaeleza siku moja, mimi nilikuwa natazama mikono.

Carbonnade ya shemeji ilikuwa nyeusi na nzito, tamu kwa mbali, na alisema ni nzuri ila ya mama wa Kiflemishi jirani yao inaishinda. Chipsi zake zilikaangwa mara mbili kama wanavyofanya wao, kwanza kwa moto wa wastani, zikapumzishwa, kisha kwa moto mkali ziwe kavu nje. Viazi vyangu vya kuchemsha havikuwa na cha kusimulia. Mwishoni tuligawana dame blanche, aiskrimu ya vanila na chokoleti ya moto inayomiminwa mezani. Chokoleti ni chokoleti, hasa nchi ile.

Bili ilikuwa euro 187 kwa watu watatu, zaidi ya shilingi elfu 28 za Kenya. Kome 31, sole 46, carbonnade 27, nyanya 22, kroketi 21. Kilichoniuma ni maji: chupa mbili euro 14, na maji ya bomba hawaleti. Aiskrimu 11, bia ya shemeji 7, kahawa na chai 8. Huduma imo ndani ya bei, bakshishi si lazima, ila dada aliacha noti na mimi nikaongeza yangu. Meza pia zimebanana mno. Nilijua mambo ya ndoa ya watu wa jirani kuliko nilivyotaka, na kelele zikipanda ukumbini lazima upaze sauti. Ukienda, weka nafasi mapema katikati ya wiki, vaa kitu cha joto kwa ajili ya mlangoni, na kama una masharti ya chakula yaseme kabla ya kuagiza, siyo sahani ikishafika.

Tulipokuwa tunavaa makoti, dada alimwambia mzee kwamba mdogo wake naye ni mhudumu, Kenya, ufuoni. Uso wake ulibadilika. Alinishika mkono, akauliza miaka mingapi, nikamwonyesha kwa vidole. Yake ni 37, yote katika ukumbi ule. Kisha akachukua vijiko viwili kutoka kwenye meza iliyokuwa tayari imepangwa, akaviweka kwenye kiganja changu, akapanga vidole vyangu kimoja kimoja: kijiko cha chini kinalala juu ya kidole cha kati, cha juu kinaongozwa na kidole gumba, kidole cha shahada kinakaa katikati yao. Nyuma yetu watu walikuwa wanasubiri meza. Hakuharakisha.

Nimerudi Diani wiki tatu sasa. Jioni, zamu ikiisha, wenzangu wa jikoni wananiwekea samaki changu mmoja wa kuchoma. Mifupa yake ni migumu kuliko ya sole na haitoki kwa pamoja, lakini jana nilifika mkiani bila kuvunja uti.