Wimbledon kwa tiketi ya kuingilia tu: kaangalieni dabo ya wanaume

Watu wengi mnaniuliza kama ile tiketi ya mashindano ya tenisi ya Wimbledon, London, isiyo na siti kwenye viwanja vikubwa inafaa au ni kupoteza hela, basi nawaandikia hapa mara moja. Mwaka 2025 nilienda na shemeji yangu Alhamisi ya wiki ya kwanza, tulilipa pauni thelathini hivi kila mtu, na aisee sijawahi kutumia hela vizuri hivyo tangu nihamie Uingereza. Ila sababu ni moja: tuliamua siku nzima ni dabo ya wanaume (wawili kwa wawili), hatufukuzii mastaa wa singo (mmoja kwa mmoja).

Tulishuka kituo cha treni cha Southfields saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukakuta foleni imeshajaa ile bustani ya Wimbledon Park, wengine wamelala kwenye mahema tangu jana yake. Usiogope, ni foleni yenye heshima zake, unapewa kadi ina tarehe na namba yako, yetu ilikuwa elfu nne na kitu, ukitaka kwenda chooni unaenda na ukirudi nafasi yako ipo. Chakula beba cha nyumbani maana wanaruhusu, sisi tulibeba maandazi, kuku wa kukaanga na thermosi ndogo ya chai (ile kubwa wanakataa getini). Kadi ya benki usisahau, keshi haifanyi kazi mle ndani.

Tuliingia karibu saa sita mchana, umati wote ukakimbilia kule wanakocheza wenye majina. Sisi tukaenda kwenye viwanja vidogo vya pembeni, tukapata benchi lililo karibu na mstari kiasi kwamba mchezaji akifuata mpira wa pembeni unasikia anavyohema. Dabo nyingi hupangwa baada ya singo kwahiyo vumilia mpaka mchana, ila zikianza utasahau hata kula. Kwenye tivii kamera inaonyesha kutoka juu na kila kitu kinaonekana polepole, lakini ukiwa pale chini watu wanne wote wako karibu na wavu wanapigiana voli, mpira unaenda na kurudi mara nne tano kabla hujavuta pumzi, na hakuna anayeuacha udunde.

Kilichonimaliza mimi ni mikono. Yule anayesimama mbele kwenye wavu, kabla mwenzake hajapiga sevu (mpira wa kuanzisha pointi), anapeleka mkono nyuma ya mgongo anatoa ishara kwa vidole, mpinzani haoni ila sisi tuliokaa nyuma tunaona kila kitu. Ngumi maana yake nabaki hapa, kiganja wazi maana yake nakatiza kwenda upande wa pili kuuiba mpira. Shemeji akaanza kunong'ona "huyu anakatiza, huyu anakatiza", na kweli jamaa anaruka anaugonga mpira katikati ya wale wawili wanabaki wanaangaliana. Kuna wakati anachuchumaa kabisa katikati ya uwanja, kichwa chini ya usawa wa wavu, sevu inapita juu yake kama risasi, nami nikafumba macho kwa niaba yake. Halafu kila pointi ikiisha, wameshinda wameshindwa, wanagonga mikono na kusemezana huku wameziba midomo kwa mpira. Singo haina hiyo, kule mtu anateseka peke yake.

Kama hujui sheria usiwe na wasiwasi. Tangu 2023 dabo ya wanaume pale ni seti mbili kati ya tatu, zamani ilikuwa tatu kati ya tano, na seti ya mwisho ikifika gemu 6-6 wanacheza taibreka (gemu ya kuamua) ya pointi 10. Ndivyo ilivyoisha fainali ya 2024, Harri Heliövaara wa Finland na Henry Patten wa Uingereza, ambao hata hawakuwa kwenye orodha ya jozi bora, waliokoa pointi tatu ambazo wapinzani wangechukulia ubingwa wakashinda taibreka ya mwisho 11-9. Na huyo Heliövaara aliwahi kuacha tenisi kwa sababu ya majeraha akafanya kazi uwanja wa ndege wa Helsinki, Patten naye 2016 alikuwa kijana wa kukusanya takwimu za mechi hapohapo Wimbledon! Hao ndio watu wa dabo, ndiyo maana nawapenda. Halafu 2025 ubingwa wakachukua Julian Cash na Lloyd Glasspool, jozi ya kwanza ambayo wote wawili ni Waingereza tangu 1936, walikuja kugawana pauni 680,000 wakati bingwa wa singo peke yake alichukua milioni 3. Kwa kazi niliyoiona kwa macho yangu, hapo hawatendewi haki kabisa.

Jua liliwaka na zile benchi hazina kivuli, kofia ni lazima. Jioni mkiwa na nguvu jaribuni zile siti za viwanja vikubwa zinazoachwa na wanaowahi kuondoka, zinauzwa upya bei ndogo na hela inaenda kwa wahitaji. Sisi hatukwenda. Mechi yetu ya mwisho ilikuwa imefika 5-5 seti ya tatu, shemeji kashika ubao wa benchi kwa mikono miwili, na tulibaki pale mpaka pointi ya mwisho.