Eakilina ya Land Cruiser kwa njia ya Sala: niliingia na koni, nikatoka na snokeli

Miezi kumi na minne niliendesha Land Cruiser langu na ile filta ya hewa ya pamba ya kupaka oili, yenye umbo la koni, inayofungwa wazi ndani ya boneti badala ya eakilina, yaani kopo la kuchuja hewa ya injini. Niliing'oa kabla ya Ramadhani. Hadi leo kuna kijana pale gereji kila akiniona huuliza, "Ami, ile koni ungali nayo? Si uniuzie?" Namwambia njoo nikupe bure, ila kwanza nikueleze. Hajapata nafasi ya kuelezwa, basi naeleza hapa.

Gari lenyewe ni pikapu ya HZJ79, injini ya 1HZ, dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo wala kompyuta. Kazi yake ni kupeleka wageni na mizigo kutoka Malindi hadi geti la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, na mara mojamoja Marafa kwa wanaotaka kuona Nyari, lile korongo la rangi, jua likizama. Ukishaiacha lami kwenye njia ya Sala, vumbi ni jekundu na laini kama unga wa ngano. Ndilo lile lile linalowafanya ndovu wa Tsavo waonekane wekundu. Ukifuata lori, humwoni mwenzako mita ishirini mbele, na yote hayo injini inayavuta. Nilipiga hesabu siku moja nikisubiri wageni: injini hii ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, inavuta karibu lita 5,000 za hewa kila dakika. Saa mbili za njia ni lita laki sita. Katika hewa ya aina ile!

Sasa mtu mzima kama mimi alinunuaje koni? Muuzaji aliniambia gari "litapumua". Akaniwekea na bomba linalong'aa. Kusema kweli, sauti ilibadilika, ukikanyaga mafuta linanguruma kama simba wa Tsavo, na kwa wiki mbili nilijiona kijana. Nguvu sikuiona. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba koni ikikaa wazi ndani ya boneti inavuta hewa ya jikoni. Nje kukiwa na joto la nyuzi 35 na ndani ya boneti nyuzi 60, hewa inayoingia ni nyepesi kwa takriban asilimia saba. Nililipa pesa ili nipunguziwe hewa.

Lakini hilo la joto ningelivumilia. Lililonitoa jasho ni siku ya kubadilisha oili. Fundi wangu alilegeza bomba lile linalotoka kwenye filta kuingia kwenye injini, akakunja kipande cha kanzu kuukuu kwenye kidole, akapangusa ndani. Upande ule ni baada ya filta, panatakiwa pawe safi kama sahani. Kitambaa kikatoka chekundu. Akageuza upande wa pili, akapangusa tena, kikatoka chekundu. Akanionyesha bila kusema neno, kisha akasema, "Ami, gari lako linanusa ugoro."

Tukakaa chini tukatafuta vumbi lilipopita. Sehemu ya kwanza ni pamba yenyewe. Filta ya namna hii inategemea oili ili vumbi linate. Inaoshwa, inakaushwa kabisa, kisha inapakwa oili kila mahali sawasawa. Mimi nilikuwa naiosha usiku na kuifunga alfajiri, na wakati wa masika hapa pwani kitu hakikauki usiku mmoja. Upande mmoja ulikuwa mkavu, hauna oili hata kidogo. Sehemu ya pili ilinichoma zaidi, kwa sababu haikuwa filta. Klipu ya kukaza mpira ilikuwa imeliwa na kutu ya hewa ya bahari, ikalegea, na pakawa na mwanya ambao kadi ya simu inaingia. Unaweza kununua filta ghali kuliko zote duniani; vumbi likiona mlango, halihangaiki na ukuta.

Madhara yake ni haya: gari likaanza kula oili, na ukifungua mfuniko wa oili injini ikiwa inawaka, moshi unapuliza usoni. Fundi anasema ringi za pistoni zimeanza kulika. Bado halijafunguliwa. Nalipeleka taratibu na naliombea dua.

Nilichofanya kwanza ni kulirudisha kopo la eakilina lililokuja na gari. Namshukuru Mungu sikulitupa. Kopo lile lina akili kuliko nilivyodhani: filta yake ni ya karatasi, ina mapezi ya plastiki yanayoizungusha hewa ili vumbi zito litupwe pembeni, na chini kuna kimpira kinacholitema nje. Cha kwangu kimpira hicho kilikuwa kimepasuka, nacho ni kitu cha bei ya soda. Kisha nikaweka snokeli, lile bomba la nje la kuvutia hewa. Watu hudhani snokeli ni ya kuvukia mto. Galana ina mamba na viboko, mimi navuka darajani. Faida yake kwangu ni kwamba mdomo wa kuvuta hewa umepanda hadi usawa wa paa, mbali na vumbi linalopigwa na magurudumu, na hewa ya huko si ya moto.

Usinunue snokeli kwa kuiangalia. Yangu ya kwanza kuonyeshwa ilikuwa ya chuma, imechomelewa vizuri kabisa, lakini kwa mji wetu ndani itashika kutu na magamba yake yatashuka injinini. Nikachukua ya plastiki nene. Kabla ya kuifunga, fundi alipaka silikoni kila maungio, kwa sababu nyingine zinakuja na maungio yasiyoziba. Klipu zote nikaweka za chuma kisichoshika kutu. Juu nikaweka kile kichwa chenye bakuli linaloonyesha ndani, kinachozungusha hewa na kutupa vumbi kwenye bakuli kabla halijafika kwenye filta. Wakulima wenye matrekta wanakijua siku nyingi. Donaldson ya Marekani ilianza mwaka 1915 kwa kuchuja hewa ya trekta, kwa hiyo si fasheni ya jana.

Filta ya karatasi nayo ina mitego. Za bandia ziko tele: mikunjo michache, mpira wa kuziba mgumu kama kwato. Ninapopewa moja, natia taa ndani yake nikiwa gizani. Nikiona tundu linalong'aa, nairudisha. Anayekutajia nguvu za farasi muulize filta yake inazuia vumbi kiasi gani kwa ISO 5011, kipimo cha kimataifa cha filta za hewa. Akikukodolea macho, umepata jibu. Na usiipulize kila siku. Karatasi ikiwa na vumbi kidogo huchuja vizuri zaidi kuliko mpya. Mimi niliwahi kumpa kijana wa pancha aipulize kwa kompresa yake ya matairi, akaitoboa.

Wenye Prado za injini ya 1KD, ninyi mna jambo la ziada: kuna sensa ya hewa baada ya filta, na pamba iliyopakwa oili nyingi inaweza kuichafua, gari likakosa nguvu. Mimi sina sensa hiyo. Nina ringi tu.

Lalamiko langu kwa mpango huu mpya ni kwamba snokeli inapiga mluzi nikipita kasi themanini, na wageni wa kiti cha mbele huniuliza kama kuna dirisha halijafungwa. Matawi ya migunga yameshalipasua bakuli moja.

Juzi nimerudi kutoka Sala, nikalifungua bakuli uani. Lilimwaga konzi moja na nusu ya udongo mwekundu juu ya mchanga wetu mweupe. Nikaenda kupangusa ndani ya bomba kwa kipande kile kile cha kanzu, pale palipobaki peupe. Kikatoka cheupe.