Kifungo cha kutafutia paka: tathmini baada ya siku nne za kumsaka Sufi Mji Mkongwe

Kifaa ninachokizungumzia hapa ni kifungo cha duara, kikubwa kidogo kuliko kifungo cha koti, kinachotiwa kwenye kola ya paka ili simu ya mwenyewe ionyeshe kwenye ramani mahali kilipo. Nilikinunua Darajani kwa shilingi 95,000 pamoja na kola yake, na muuzaji alinihakikishia kwa sauti ya mtu anayekaribia kuapa kwamba hata paka akivuka bahari nitamwona. Nimekuwa nacho kwa muda wa miezi saba. Katika miezi sita ya mwanzo sikuwa na la kukisifia wala la kukilaumu, kwa sababu paka wangu hakuwahi kutoka nje. Haya ninayoyaandika yanatokana na siku nne tu za mwezi wa saba.

Sufi ni paka jike wa miaka minne, mweupe kama pamba ya msufi, na ndiko jina lake lilikotoka. Tunaishi Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa ya pili ya nyumba kongwe ya mawe, na tangu aletwe akiwa mchanga dunia yake imekuwa ni vyumba vitatu, ukumbi na dirisha moja la nondo linalotazama uchochoro. Mafundi walipokuja kuziba paa kabla ya mvua za masika, mlango wa ngazi ya juu uliachwa wazi kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuukadiria, na magharibi tulipomtilia chakula hakutokea. Nilifungua simu nikiwa na utulivu ambao sasa naona haya kuukumbuka, kwa sababu niliamini kwamba tatizo la namna hii nilikwishalinunulia dawa.

Wauzaji wengi hawaelezi kifungo hiki kinavyofanya kazi, na mimi mwenyewe nilikielewa nikiwa tayari nimeshapotelewa. Hakina uwezo wa kuwasiliana na satelaiti, wala hakina laini ya simu. Kinachofanya ni kutoa mawimbi mafupi ya bluetooth, na simu yoyote ya mtandao unaokubaliana nacho ikipita karibu huyapokea, ikapeleka taarifa ya mahali hapo kwa mwenye kifungo bila ya mpitaji kujua lolote. Kwa hivyo alama unayoiona kwenye ramani ni mahali iliposimama simu ya mtu mwingine ilipokisikia kifungo chako, na pasipopita simu ya namna hiyo hakuna alama. Kina pia sauti ya mlio unayoweza kuiamrisha, lakini lazima wewe mwenyewe uwe umefika karibu kiasi cha simu yako na kifungo kusikilizana.

Ukaribu huo ndio unaokuwa kitendawili katika nyumba zetu. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake hufikia nusu mita na pengine kuzidi, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zinazobeba sakafu. Maana yake ni kwamba hatua chache tu ndani ya nyumba hukutana na ukuta, na hatua nyingine chache hukutana na wa pili. Baada ya mambo kutulia nilikifanyia majaribio: uwanjani palipo wazi simu ilikipata kwa hatua zaidi ya ishirini bila ya shida, nilipokiacha chumbani na kusimama upande wa pili wa ukuta mmoja kilisikika kwa kusitasita, zilipokuwa kuta mbili kilikuwa kama kimezikwa. Sidhani kwamba hilo ni kosa la waliokitengeneza, kwani hawakuwa wakiifikiria Kiponda, ila mnunuzi wa hapa anastahili kuambiwa kabla ya kutoa fedha.

Usiku wa kwanza, basi, ramani ilibaki ikionyesha kwamba kifungo kilionekana mara ya mwisho nyumbani kwetu, saa saba mchana. Nilizunguka vichochoro nikiwa nimeishika simu mbele yangu kama mtu anayepima maji, na nilikuwa nikitazama kioo cha simu kuliko nilivyokuwa nikitazama ardhi. Asubuhi ya siku ya pili ilitokea alama mpya, nayo ilikuwa Malindi, karibu na diko, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Nyumba nzima ilishangilia, na kila aliyepata habari alitoa hukumu ile ile: paka kafuata samaki. Nilifika dikoni wakati wa mnada, katikati ya madema, ndoo na watu, nikaamrisha mlio, na baada ya kuzunguka kwa muda nikausikia ukitoka kwenye usukani wa baiskeli ya kijana mmoja aliyekuwa akifunga tenga la vibua.

"Samahani, mdogo wangu," nikamwambia, "hicho kilichoning'inia hapo umekipata wapi?"

"Nimekiokota jana Kiponda, kichochoroni. Nikadhani ni kishikizo cha funguo," akanijibu, na papo hapo akaanza kukifungua. Nilipomweleza kwamba ni cha paka alinipa pole, kisha akauliza swali ambalo kifaa cha shilingi 95,000 hakikuwa na jawabu lake: "Sasa paka mwenyewe yuko wapi?"

Kola ilikuwa imeachia, na hapo ni lazima niitetee, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Kola nzuri ya paka huwa na kifunguo kinachoachia inapovutwa kwa nguvu, ili mnyama asinyongeke akinasa kwenye nondo au msumari, na mtu asidanganyike kuibadilisha kwa kola ngumu eti ili kukilinda kifungo. Lakini matokeo yake ni kwamba kilichofuatiliwa siku nzima kilikuwa ni kifungo, si paka. Nimejiuliza pia kwa nini kilikaa kimya Kiponda usiku kucha kikaja kusema Malindi, na nadhani sababu ni nyepesi. Kandokando ya bandari hupita abiria wa boti na watalii wenye simu za kila aina, ilhali kwenye uchochoro wetu, baada ya saa nne usiku, hupita mtu mmoja mmoja. Kifungo hiki huona vizuri penye msongamano, na paka aliyeogopa hukimbilia pasipo na mtu. Yule kijana angepanda boti ya Dar es Salaam asubuhi ile, ramani ingeniambia kwamba Sufi kavuka bahari, na muuzaji wangu angekuwa amesema kweli.

Nafuu ya kweli ilianzia barazani. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye amefuga paka tangu kabla ya mimi kuzaliwa, aliniona nikirudi na kola mkononi akaniita nikae. "Mwanangu," aliniambia, "paka wa mtaani akitoka ana njia zake. Huyu wako wa ndani hana mji anaoujua. Mtafute hapa hapa miguuni mwako, wala usingoje alie, kwani hatolia." Nilimheshimu kwa maneno yake bila ya kuyaamini sana, lakini usiku nilisoma habari za utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya maelezo ya watu 1,210 waliopotelewa na paka, nikakuta kwamba robo tatu ya paka waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka pale walipopotelea, na kwamba waliotafutwa kwa miguu na kwa macho walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupatikana hai. Mita 500 kutoka mlangoni petu ni karibu Malindi yenyewe. Mimi nilikwenda moja kwa moja mpakani, nikauruka mtaa mzima uliomo kati.

Sitasimulia kila hatua ya siku ya tatu. Karatasi zenye picha tulizoomba kuzibandika madukani zilituletea simu sita, zote za paka weupe wa watu wengine au wa Mungu tu. Vibua vya kuchemsha tulivyoviweka mlangoni viliisha kabla ya isha, kwani paka wa Kiponda hawahitaji mwaliko wa pili, na walivyokuwa wakigombana pale chini nina hakika walimzidishia hofu Sufi popote alipokuwa. Mtu mmoja kwa wema wake alipendekeza tuombe tangazo kwenye kipaza sauti cha msikiti, na mzee aliyekuwa akinywa kahawa akamkumbusha kwamba kutangaza kilichopotea msikitini kumekatazwa, seuze paka. Watoto wa mtaa walisaidia kuliko wakubwa wengi, kwa sababu wao wanajua kila tundu, na mmoja wao ndiye aliyesema kwamba ile nyumba iliyofungwa mkabala na sisi ina mlango wa nyuma ambao ubao wake wa chini umeoza.

Nyumba hiyo haina mtu kwa miaka, na sisi tumezoea kuipita kama tunavyoupita ukuta. Nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, ambaye hakuhitaji ramani wala bluetooth: alijua nani anashika ufunguo, akampigia simu msimamizi anayekaa Kikwajuni, naye akaja baada ya isha na kuniachia ufunguo hadi asubuhi kwa sharti moja tu, nisipande juu kwa sababu sakafu si ya kuaminika. Niliazima tochi ya kichwani kwa mtoto wa jirani anayevua ngisi. Saa tisa usiku, mtaa ulipokuwa kimya kabisa, niliingia, nikakaa chini ukumbini, na badala ya kuita nilianza kupeleka mwanga polepole sambamba na ardhi. Macho ya paka yana utando kwa ndani unaorudisha mwanga, na ndio unaoyafanya yang'ae gizani. Ukiishika tochi usawa wa uso wako utayaona, ukiishika kiunoni unaweza kuyapita. Niliyaona chini ya ngazi, nyuma ya rundo la boriti za zamani, mawili ya manjano yasiyopepesa.

Hakuja. Watu wengi hukosea hapo, na mimi nilikuwa karibu kukosea, kwa kudhani kwamba paka akikuona atakukimbilia. Sufi alinitazama kama mgeni, hakutoa sauti, na nilipojisogeza alirudi nyuma. Nililala kifudifudi kwenye vumbi kwa muda unaokaribia saa nzima, nikiwa nimenyoosha mkono wenye kipande cha kibua, nikizungumza naye maneno ya kawaida ya nyumbani, hadi adhana ya kwanza iliposikika na yeye, sijui kwa njaa au kwa kuizoea sauti ile ile aisikiayo kila alfajiri dirishani kwake, akatoka kwa tumbo na kuingia kwenye mtandio nilioutandaza. Kutoka pale hadi mlangoni petu nilihesabu hatua kumi na nne. Kati yake zimo kuta tatu, na hata kama kola isingeachia, kwa majaribio niliyoyataja juu, kifungo kisingesema kitu.

Kwa hivyo kwa matumizi ya kumtafutia paka katika Mji Mkongwe nakipa nyota mbili kati ya tano. Moja ni kwa sababu kilifanya kwa uaminifu kile kilichoumbiwa, kwani kilipatikana dikoni katikati ya makelele, na betri yake ndogo ya duara ilikuwa bado haijabadilishwa. Ya pili ni kwa wanaoishi penye nafasi na watu wengi, kwa mfano fleti za Michenzani, ambako nadhani ngazi na korido zinazopitwa na watu mchana na usiku zingekipa msaada mkubwa zaidi. Kola za satelaiti sikuzijaribu, ila ni nzito zaidi kwa shingo ya paka, hutaka kuchajiwa kila baada ya muda mfupi, na huhitaji kuona mbingu, kitu ambacho chini ya ngazi ya nyumba iliyofungwa hakipo. Ile chipu inayowekwa chini ya ngozi, ambayo baadhi ya watu huidhania kuwa ni ya kufuatilia, haifuatilii chochote: ni namba tu ya tarakimu 15, isiyo na betri, inayosomwa kwa mashine maalumu paka akishapatikana.

Tochi ya kichwani, niliyokwenda kuinunua ya kwangu wiki iliyofuata kwa shilingi 15,000, ingestahili nyota zote tano, lakini siyo kifaa nilichokusudia kukitathmini. Kifungo nimekifunga kwenye funguo za nyumba, na kwa kazi hiyo sina malalamiko nacho hata kidogo. Sufi anavaa kola ya kitambaa inayoachia, yenye namba ya simu iliyotariziwa kwa uzi mwekundu na yule bibi wa barazani, ambaye alikataa malipo ila alitaka kuonyeshwa ule ubao uliooza.