Maziwa ya soya ya kupunguza uzito: ununue yapi, na yapi yatakukatikia kwenye chai

Meseji za soya zimenijazia simu. Dada mmoja wa Mbagala kanitumia picha ya kopo la unga aliouziwa kama "soya ya kukata tumbo", halina lebo ya maana, halina hata jina la kiwanda. Mwingine yuko Nairobi, yeye kanunua paketi ya bei mbaya, kaimimina kwenye chai ya asubuhi ikakatika mabonge mabonge, kamwaga yote na karudi kwenye maziwa ya ng'ombe na sukari vijiko vitatu. Wa tatu ananiuliza mbona anakunywa soya kila siku na mkanda uko tundu lile lile. Nawajibu wote hapa hapa.

Naanza na wa mkanda. Soya haiyeyushi mafuta ya tumbo jamani, anayekwambia hivyo anataka hela yako. Kinachotokea ni hesabu tu, maziwa ya ng'ombe yenye mafuta yake kamili yana kalori kama 63 kwa mililita 100, soya isiyo na sukari ina kalori kama 33, na protini zinakaribiana, gramu 3 na kidogo kila upande. Protini ndiyo inayokushibisha usiwahi kuwaza andazi saa nne. Sasa chukua vikombe viwili vya chai kwa siku, kila kimoja maziwa nusu maji nusu, jumla ni kama mililita 300 za maziwa. Ukibadilisha na soya umepunguza kalori kama 90, sawa? Halafu unaweka sukari vijiko vitatu kila kikombe, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kina kalori 16, vijiko sita hivyo ni 96. Umerudi ulikotoka na umepitiliza, na hapo chapati bado haijaja, ambayo moja tu ya mafuta inaweza kuvuka kalori 250. Kwa hiyo soya inasaidia ikiwa imechukua nafasi ya kitu kizito zaidi, ukiiongeza juu ya chakula chako cha kila siku unanenepa kama kawaida.

Na niseme ukweli mwingine ambao wauzaji hawausemi: maziwa ya ng'ombe yaliyotolewa mafuta yote nayo yana kalori kama 35 tu. Kama tumbo lako linayapokea na hela ni tatizo, kunywa hayo, hujakosa kitu. Soya ni ya yule ambaye maziwa yanamjazia gesi na kumharisha, au ameamua kuacha vitu vya mnyama, au anafunga.

Sitaongea habari za ladha wala muonekano wa paketi, hayo utayaona mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu na nitalisema mpaka mnichoke: MAZIWA YA SOYA YANAKATIKA KWENYE CHAI. Huku kwetu hatunywi soya na nafaka za boksi, tunaitia kwenye chai, na asilimia kubwa ya wanaoniandikia wameacha soya kwa sababu hiyo na sio nyingine. Mtu anaona mabonge anafikiri imeharibika, anarudi kwenye maziwa mazito na sukari, na dayati inaishia kwenye sufuria.

Haijaharibika. Protini ya soya haiwezi kuvumilia moto mkali na uchachu kwa wakati mmoja, inashikana na kujitenga na maji, na ndivyo tofu, ile kama jibini ya soya, inavyotengenezwa, wanagandisha makusudi. Chai ya rangi ina uchachu kidogo, ikikolea unazidi, kahawa ndio kabisa. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya chake kinachogandisha maziwa, kwa hiyo ukiiponda ukaitia mwishoni wakati soya imeshaingia umejitakia. Na paketi iliyokaa wazi siku nyingi inakuwa imeanza kuchachuka hata kama pua haijasikia.

Kwa hiyo ukiwa dukani geuza paketi, soma viungo, tafuta neno "acidity regulator" au namba E340, hiyo ni potasiamu fosfeti, kazi yake kutuliza uchachu ili protini isishikane. Wengine wanaandika E339 au E332, kazi ni ile ile. Ukikuta maji na soya tu ujue utaipika kwa adabu. Adabu yenyewe: chemsha maji na tangawizi na majani mpaka viive vizuri, chuja, iache ipoe dakika mbili tatu. Pasha soya pembeni iwe ya moto bila kuchemka. Halafu mimina chai ndani ya soya taratibu, usimimine soya ya friji ndani ya chai inayotokota. Na tikisa paketi kwanza, madini ya kalsiamu waliyoongeza yanazama chini, usipotikisa unakuja kuyanywa yote kwenye kikombe cha mwisho au unayatupa na paketi.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja ni Alpro isiyo na sukari, ile iliyoandikwa No Sugars. Sifichi, hii ndiyo naipenda na ndiyo iko kwenye friji yangu. Ni kampuni ya Ubelgiji, ipo tangu 1980, siku hizi iko chini ya Danone, kampuni ya Ufaransa. Kalori 33, protini gramu 3.3, sukari sifuri, wameongeza kalsiamu na vitamini B12 na D, kwa hiyo ukiacha maziwa ya ng'ombe hukosi vile vitu. Ni nzito kiasi, haina ule umaji maji wa soya nyingine, na kwenye chai inatulia UKIFUATA nilichoandika hapo juu. Ukishaifungua weka kwenye friji na uimalize ndani ya siku 5.

Namba mbili ni Alpro Barista ya soya, kwa yule ambaye bila chai au kahawa nzito hawezi kuamka. Imetengenezwa kwa ajili ya vinywaji vya moto, ndio maana inavumilia. Soma tu ubavuni uone sukari, usiongeze ya kwako. Kwa dada yangu wa Nairobi, anza na hii, ukizoea uhamie namba moja.

Namba tatu ni zile za vanila, za chokoleti na zile zilizoandikwa Original za kampuni yoyote. Original huwa ina sukari kidogo, siyo dhambi. Ya chokoleti ni kinywaji cha mtoto wa shule, kwa kupunguza uzito iache dukani.

Namba nne, ya kutengeneza nyumbani. Ni rahisi, unaloweka soya usiku, unatoa maganda, unasaga kwenye blenda, unachuja, unachemsha vizuri kama dakika 20 huku ukikoroga maana soya mbichi ina vitu vinavyozuia protini isisagike tumboni. Haina kalsiamu ya kutosha wala B12, na kwenye chai inakatika kuliko zote. Kama bajeti ndiyo hiyo, kunywa yenyewe kama yenyewe.

Soya ya kukaanga na kusaga, ile wengi tunaijua kwa Wasabato, ni kinywaji kizuri badala ya kahawa ila sio maziwa, siiweki kwenye mpangilio.

Mwisho kabisa ni unga wa soya wa kopo na wa vijipaketi. Hapa ndipo nakasirika. Geuza vingi vyake usome, kiungo cha kwanza au cha pili ni sukari, kinafuata maltodekstrini, yaani wanga wa kiwandani, kinafuata krima ya mafuta ya mawese, soya yenyewe iko katikati huko. Halafu mtu anapiga picha ya kiuno cha mtu mwingine, anabandika Instagram, anauza kama dawa. Dada wa Mbagala, kopo lisilo na orodha ya viungo, lisilo na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), lisilo na tarehe, usinywe. Mrudishie aliyekuuzia, na akikataa lipeleke TBS, toka 2019 mambo ya chakula yako kwao.

Na wenye tezi ya shingo mnaomeza levothyroxine, soya inazuia dawa isiingie vizuri mwilini, achanisha kama saa 4 na umwambie daktari wako. Watoto chini ya mwaka mmoja hawapewi maziwa haya kabisa.

Sasa bei. Kinachoniuma ni kwamba soya tunalima. Wajerumani waliileta Amani kule Tanga mwaka 1907, leo Songea na Namtumbo wanaivuna kwa magunia, mwaka 2020 China ikafungua mlango tuwauzie. Halafu mimi Dar nanunua lita moja iliyotoka Ulaya kwa hela ambayo ingenipa lita kadhaa za maziwa ya ng'ombe! Soya ya Ruvuma inaishia kwenye chakula cha kuku na unga wa lishe. Mwenye kiwanda akitia soya yetu kwenye paketi, bila sukari, na potasiamu fosfeti yake, mimi wa kwanza kununua na nitaihamisha Alpro kutoka namba moja bila kuona aibu.

Kuna supamaketi moja, siitaji, wanazipanga soya dirishani jua linazipiga mchana kutwa, na zikibakiza wiki chache kuisha muda wanazileta mbele kwa bei ile ile kamili. Kwa hiyo ukifika, mkono upite nyuma ya rafu, angalia tarehe, na paketi iliyovimba usiipokee hata wakikupa bure. Muuzaji akisema mzigo ni huo huo mwambie afungue boksi jipya, huwa lipo.