TAHADHARI: Anayeuza "praktika ya Moscow yenye mshahara" ni tapeli, msimtumie hata ruble moja

Wadau wa Voronezh na miji mingine ya Urusi, someni hii kabla kafedra (idara za chuo) hazijafunga orodha za praktika. Yule ndugu yetu wa Telegram, mnamjua, yule yule wa sakata la tiketi za Juni, safari hii kawapiga watoto wa mwaka wa tatu. Amewauzia praktika ya uzalishaji, yaani mafunzo kazini ya chuo, huko Moscow, eti ina mshahara na chumba. Hakuna praktika, hakuna mshahara, hakuna chumba. Jina lake silitaji hapa kwa sababu jambo linapelekwa polisi. Ingekuwa hiari yangu ningelibandika kwenye lifti ya kila hosteli.

Namna alivyowapiga ndiyo inayouma. Alingoja jioni ile ambayo kafedra imetangaza kwamba asiyeleta barua ya kampuni kesho yake atapangiwa popote. Akapiga simu ya video, watoto wamebanana kitandani kuzunguka simu moja. "Mdogo wangu" hapa, "mdogo wangu" pale, kisha anageuka pembeni na kumjibu mtu kwa Kirusi kisicho na lafudhi hata kidogo. Akafungua mkataba kwenye skrini: jina la kampuni kubwa ya mizigo, INN (namba ya mlipakodi), muhuri wa bluu wa duara. Mmoja akasita. Yeye akacheka, akasema, "Msiniamini mimi. Ingieni egrul.nalog.ru sasa hivi, nasubiri." Wakaingia kwenye daftari hilo la serikali la makampuni, EGRUL. Kampuni ipo, haijafungwa, mkurugenzi anaonekana. Hapo roho zikatulia, na hapo ndipo mchezo ulipoisha. Akawawekea sauti ya mama wa Kirusi "wa idara ya wafanyakazi" anayesema zimebaki nafasi chache. Bei kwa ruble: 25,000 za nafasi, 8,000 za medknizhka (kijitabu cha vipimo vya afya) "bila kuzunguka kwa madaktari", 5,000 za usajili wa makazi Moscow. Hela itumwe kwa SBP (uhamisho wa haraka kati ya benki), kwa namba ya simu. Walipoandika namba, benki ikaonyesha jina la mtu, jina la baba yake na herufi moja ya ukoo. Mbona si kampuni? "Huyo mhasibu wetu, akaunti ya kampuni inachelewesha." Wakabonyeza.

Wakapanda treni. Getini Moscow mlinzi akapekua orodha ya propusk (vibali vya kuingia), majina hayamo, akawaambia wasimame pembeni wasizibe njia ya malori. Wakampigia tapeli, naye bila haya akataka 7,000 za propusk, na wapo waliotuma! Akachukua, akawafungia mawasiliano wote kwa pamoja.

Sasa wenye midomo wameanza kuwacheka. Acheni. Huyu mtu amewahi kupokea wageni uwanja wa ndege, amewahi kupeleka watu kwa mthibitishaji wa hati kutafsiri vyeti na tafsiri zikakubaliwa dekanati (ofisi ya kitivo). Mkataba aliotumia ni fomu halisi ya chuo, inapakuliwa kwenye tovuti na mtu yeyote. Na kampuni kweli ipo. Alichouza ni jina la watu wasiomjua.

Kwa wale mliotoka podfaki (kozi ya maandalizi) juzi, praktika haiendi hivyo hata siku moja. Ni sehemu ya mtaala, na utaratibu wake uko kwenye agizo la wizara namba 885/390 la tarehe 5 Agosti 2020. Mkataba wa praktika ni kati ya chuo na taasisi inayokupokea. Si wewe unayesaini mkataba huo, anasaini mkuu wa chuo au aliyepewa mamlaka naye. Ukijitafutia nafasi mwenyewe, unaleta barua ya dhamana ya kampuni kwa msimamizi wa praktika kwenye kafedra, mapema, si usiku wa mwisho, kwa sababu karatasi ile inazunguka ofisi kadhaa. Baada ya amri ya chuo kutoka unapewa napravlenie (barua ya kukutuma kampuni), unajaza shajara ya praktika kila siku ya kazi, na mwisho unaondoka na ripoti pamoja na kharakteristika (maoni ya kampuni kuhusu kazi yako) yenye saini na muhuri. Usipoleta nafasi, chuo kinakupangia. Itakuwa maktaba au maabara ya chuo, inachosha, lakini alama utapata.

Mshahara ni habari nyingine kabisa. Tangu Agosti 2020 mwanafunzi wa kigeni wa kutwa, kwenye programu yenye akreditatsiya (ithibati) ya serikali, anaruhusiwa kufanya kazi nje ya muda wa masomo bila patenti (kibali cha kazi cha wageni). Lakini unasaini mkataba wa kazi na mwajiri, na mwajiri anatakiwa kuiarifu MVD (Wizara ya Mambo ya Ndani) ndani ya siku 3 za kazi. Wa podfaki msijihesabu humo. Ukikutwa kazini bila haki hiyo ni kifungu cha 18.10 cha sheria ya makosa ya kiutawala, na kwa Moscow na Petersburg faini ni 5,000 hadi 7,000 pamoja na kufukuzwa nchini. Tapeli hakwambii hilo, yeye hapandi ndege.

Dalili zilikuwepo. Muhuri: pembezoni ulikuwa na namba ya tarakimu 15. Kampuni ya OOO (yenye dhima yenye kikomo) ina OGRN, yaani namba ya usajili, ya tarakimu 13. Kumi na tano ni ya mjasiriamali binafsi, yaani muhuri wa kibanda umegongwa juu ya jina la kampuni kubwa. Aliyesaini si mkurugenzi wa kwenye EGRUL, na hakukuwa na doverennost (hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusaini). Barua pepe ilikuwa ya mail.ru. Na EGRUL inathibitisha kampuni tu, haimthibitishi anayekupigia simu, kwa hiyo chukua namba kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, piga, uliza idara ya wafanyakazi. Medknizhka kwa mtu anayekwenda kukaa ofisi ya uhasibu, ya nini? Hiyo ni ya hospitali, jikoni, shule. Na ya kununua bila vipimo ni hati ya kughushi, kifungu cha 327 cha sheria ya jinai, anayeitumia anashtakiwa pia.

Kibaya zaidi, wawili aliwaomba msimbo wa SMS wa Gosuslugi (tovuti ya huduma za serikali) "ili awasajili", na mmoja aliambiwa aache kadi yake ya benki "ya kupokelea mishahara ya kundi". Kutoa kadi yako ipitishe hela za watu ni kosa la jinai tangu 2025. Na ukiletewa karatasi yenye maneno «военная служба по контракту» (utumishi wa jeshi kwa mkataba) au «Министерство обороны» (Wizara ya Ulinzi), weka kalamu chini, ondoka. Serikali ya Kenya yenyewe imekiri 2025 kuwa kuna Wakenya waliofuata ahadi ya kazi wakajikuta vitani.

Mliotuma hela: pigeni simu benki leo, ingawa uhamisho wa SBP ukishapita haurudi kwa kubonyeza. Hifadhini risiti, sauti na mazungumzo yote kabla hajayafuta upande wake, Telegram inamruhusu. Andikeni zayavlenie (malalamiko rasmi) polisi kwa kifungu cha 159, cha utapeli, na msitoke bila talon (stakabadhi) yenye namba ya KUSP, daftari la polisi la kusajili taarifa. Bila hiyo hamjaripoti kitu. Badilisheni nywila ya Gosuslugi. Dekanati waambieni ukweli sasa. Praktika iliyokosekana ni deni la masomo, mna nafasi mbili za kulilipa ndani ya mwaka. Anawatisha kwamba mkisema mtafukuzwa chuo na viza itafutwa. Mwongo huyo, kinachofukuzisha ni kupeleka ripoti yenye ule muhuri wake.

Na yeye asidhani tutayamaliza kiujamaa kwa chai na samahani. Hela zote zirudi, na kesi iendelee hata zikirudi. Mwenye risiti ya SBP yenye jina la yule "mhasibu" ampelekee mwenyekiti wa zemlyachestvo (umoja wetu wa wanafunzi) kabla ya Ijumaa, maana zayavlenie za pamoja zinapelekwa siku hiyo asubuhi.