Taa za kuoteshea mboga ndani wakati wa baridi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kila ikifika Novemba, swali kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ni lilelile. Mtu kaweka kopo la mchicha dirishani, umeota vizuri, halafu umerefuka kama uzi na kulala chali. Majibu yanamiminika: ongeza maji, punguza maji, weka hita. Hita ya nini? Ndani ya nyumba zetu kuna nyuzi 20 hata nje kukiwa 25 chini ya sifuri. Mchicha wako hauna baridi, una njaa ya mwanga.

Sisi tuliokulia karibu na ikweta hatujazoea kuuhesabu mwanga. Dar es Salaam siku ina saa 12 hivi mwaka mzima, na Desemba jua la adhuhuri linakaribia utosini. Huku Minneapolis, tarehe 21 Desemba, siku haifikishi saa 9, na jua la saa sita mchana linapanda nyuzi 22 tu juu ya upeo. Ni kama jua la saa moja na nusu asubuhi kule nyumbani, na hapo ndipo linapoishia. Bado halijapita kwenye vioo viwili vya dirisha, na bado hatujasema mawingu.

Kwa hiyo pesa yako yote ya mwanzo iende kwenye taa. Makopo unaweza kutoboa ndoo za mtindi.

Kabla ya kununua chochote, pakua kwenye simu programu ya bure ya kupima mwanga, ile inayosoma luksi, yaani kipimo cha mwanga unaofika pale unapopimia. Mboga za majani zinataka kati ya luksi 12,000 na 15,000 pale kwenye majani yenyewe, kwa saa 14 hadi 16 kila siku. Simu haipimi kama kifaa cha maabara, lakini kwa taa nyeupe inatosha kukuonyesha kama uko karibu au umepotea njia. Dirisha langu la kusini, siku ya wingu mwezi wa Januari, halikufika 2,000. Nikaelewa kwa nini mchicha wangu wa mwaka wa kwanza ulikuwa unaomba dua.

1. Taa ndefu ya gereji (LED ya futi nne)

Hii ndiyo ya kununua, na ninaisema bila kuuma maneno. Ni ndugu yake tubulaiti tuliyoijua nyumbani, ila ndani ni LED. Inauzwa kwenye maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi, upande wa taa, si upande wa bustani. Zingatia hilo: ikihamia upande wa bustani na boksi likachorwa jani, bei inapanda na mwanga unabaki uleule.

Tafuta iliyoandikwa wati 40 hivi, lumeni (jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa) 4,500 au zaidi, na rangi ya kelvini 4,000 hadi 5,000, yaani nyeupe ya mchana. Ile ya manjano ya sebuleni iache. Angalia alama ya usalama ya UL au ETL mgongoni, maana hiki ni kitu kitakachowaka saa 16 karibu na maji.

Moja haitoshi kwa rafu. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wananunua moja, mboga zinadhoofu, wanasema taa hizi ni bure. Rafu ya waya ya futi nne ina upana wa futi moja na nusu, na taa moja ya lumeni 4,500 ikigawanywa kwenye eneo hilo haifikishi luksi 8,500 hata ukidhani hakuna tone la mwanga linalopotea. Weka mbili sambamba na utafika kwenye 12,000. Bei yake, kwa nilizonunua mimi, ni dola 25 hadi 35 kila moja.

Zining'inize kwa minyororo yake, sentimita 15 hadi 20 juu ya majani, na uzipandishe kadiri mboga zinavyokua. Mtu wa kwetu huogopa kuziweka karibu namna hiyo, anadhani zitaunguza. Haziunguzi. Ukiziacha juu ya dari ndipo unapopata nyuzi za kushonea badala ya mchicha.

Umeme? Taa mbili ni wati 80. Kwa saa 16 zinakula uniti 1.28 kwa siku, karibu uniti 38 kwa mwezi. Ukilipa senti 16 kwa uniti, ni dola 6 na kidogo. Nunua na taima ya kuchomeka ukutani, dola 10 hivi, izime na kuwasha yenyewe, la sivyo utasahau siku ya zamu ya usiku na watoto watazima kwa sababu inawaudhi.

Chini ya taa hizi nimevuna mchicha, sukuma wiki, figili za majani, mnavu na vitunguu majani. Mchicha uko tayari kwa wiki nne hadi tano tangu kusia mbegu. Ukikata na kubakiza kisiki chenye majani mawili unachipua tena.

2. Taa ya kibao

Hii ni sahani ya alumini yenye vitone vingi vya LED nyeupe, na vichache vyekundu. Ya wati 100 halisi inauzwa kwa dola 80 na kuendelea. Kwa mchicha ni matumizi ya kupita kiasi, ila kama unataka pilipili mbuzi au nyanya, hakuna njia nyingine ya kweli. Mmea unaozaa matunda unataka mwanga mara mbili ya ule wa majani, na taa za gereji hazifiki huko bila kubananisha nne au tano.

Ining'inize sentimita 30 hadi 45 juu ya mmea. Chagua yenye kirungu cha kupunguza mwanga, kwa sababu miche michanga ikipigwa na nguvu yote hujikunja majani. Na uwe na subira: pilipili mbuzi huchukua wiki mbili au tatu kuota tu, na miezi minne au zaidi ukaone tunda. Wenye besimenti baridi wawekee mbegu juu ya friji mpaka ziote, hapo pana joto la bure.

3. Balbu ya kawaida kwenye kishikio cha kubana

Hii ni ya mwenye chumba kimoja, au asiyetaka kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Balbu ya LED ya kelvini 5,000, wati 15 hivi, ndani ya kile kibakuli cha bati chenye kibanio, ambacho watu hutumia kupasha vifaranga joto. Jumla haifiki dola 20. Inatosha kopo moja la dania na la vitunguu majani, si zaidi. Kibakuli usikiache, bila hicho nusu ya mwanga inaangaza sebule.

4. Mashine ya maji ya juu ya meza

Zinapendeza, hilo silikatai. Chombo cha maji, taa juu yake, mbegu zimeshafungwa kwenye vikapu vidogo, inakupigia mlio maji yakipungua. Kwa mrehani au saladi ya mtu mmoja ni nzuri kabisa. Lakini ina matundu sita au tisa, na sisi tunajua mchicha unavyonywea. Sufuria inayojaa mpaka mfuniko hauketi, dakika tano baadaye ni kijiko kwa kila mtu. Familia ya watu watano itakula mavuno ya mwezi kwa mlo mmoja wa ugali. Vikapu vya kujazia pia vina bei yake. Kama umepewa zawadi, ipokee kwa mikono miwili.

5. Taa za shingo ndefu za kubana mezani

Vijiti viwili au vitatu, waya wa USB, wati 10 au chini ya hapo. Zinafaa kwa ua la dirishani. Tuendelee.

6. Taa ya zambarau iliyoandikwa "1000"

Hii nimeiweka mwisho kwa ushahidi wa mfuko wangu. Nililipa dola 70 nikijua nimepata wati 1,000. Nilipoichomeka kwenye kipimio cha umeme ilisoma 92. Ile 1,000 ni hesabu ya muuzaji ya taa gani za kizamani eti inazilingana. Ukitaka kujua taa, soma wati inazokula, zimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma.

Si kwamba mboga hazioti chini yake. Zinaota. Shida ni kuwa chini ya zambarau kila jani linaonekana jeusi, huwezi kuona kama lina manjano au wadudu mpaka mambo yameharibika. Na ukiishi ghorofa ya chini, dirisha lako linawaka usiku kucha kama disko. Jirani yangu aliniuliza kwa heshima kama ninalima bangi. Kisheria Minnesota inaruhusu miche michache nyumbani tangu Agosti 2023, kwa hiyo hakuwa akinishtaki, alikuwa anaomba.

Taa ikishapatikana, mengine ni madogo. Nunua udongo mwepesi wa mifuko, usichote wa uani, utaingiza wadudu ndani ya nyumba. Hata wa mifuko huleta vijinzi vidogo vyeusi ukimwagilia kila siku, kwa hiyo acha juu pakauke kwanza, na simika karatasi ya manjano yenye gundi. Waya zipite mahali pa juu ambako maji hayafiki, zisilale sakafuni.

Saa za taa zinategemea mboga. Mchicha, ambao ndugu zetu wa Kongo wanauita lengalenga, aina nyingi hukimbilia kutoa mbegu siku zikiwa fupi, kwa hiyo saa 16 zinauweka kwenye majani. Dania na spinachi halisi ni kinyume, siku ndefu ndizo zinazozitoa maua, nazo zipe saa 11 au 12 kwenye rafu yenye taima yake. Ile spinachi ya Kenya yenye bua nene jeupe haina shida hiyo, iweke popote.

Kuhusu mbegu, usizifiche kwenye sanduku ukitoka likizo. Marekani inataka cheti cha afya ya mimea kwa mbegu za abiria, na uwanja wa ndege watakuchukulia na kukutoza faini juu. Mbegu za mchicha ziko kwenye maduka ya Wahindi kwa jina la chaulai na ya Wajamaika kwa jina la callaloo. Matembele hayahitaji hata mbegu: nunua kiazi kitamu kisichotiwa dawa ya kuzuia kuchipua, mara nyingi kile cha upande wa kilimo hai, kilaze nusu ndani ya udongo wenye unyevu sehemu ya joto. Vichipukizi vikifika urefu wa kiganja, vikate uvipande chini ya taa. Kiazi kimoja changu cha Oktoba kilinipa mashina kumi na moja, na mama mmoja wa Brooklyn Park bado ananidai mawili.