Kipimo cha choo au kolonoskopi?
Saratani nyingi za utumbo mpana ni adenokasinoma, yaani zinaanzia kwenye seli za tezi za ukuta wa ndani wa utumbo, na kawaida zinaanza na kivimbe kidogo kinachokaa miaka kibao bila maumivu, sasa hapo ndo kolonoskopi, yaani kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa kukagua utumbo, inashinda maana daktari akikiona anakitoa papo hapo, na ukikutwa safi unarudi baada ya miaka 10. Ila ni ghali, unakunywa dawa ya kuharisha, na mara chache sana utumbo unaweza kutoboka. Kile cha kutafuta damu iliyojificha kwenye choo ni bei poa, sampuli unachukulia nyumbani, lakini ni kila mwaka, na kikikuta damu bado utaenda kolonoskopi tu. Mzazi au ndugu yako wa damu aliugua saratani hii? Nenda kolonoskopi moja kwa moja. Huna historia hiyo na hela imebana, anza na choo, tena anza kweli jamani.